Erhu

Erhu ni zeze la Kichina lenye nyuzi mbili, linalopigwa kwa uta. Mpigaji huketi na kuliegemeza kwenye paja la kushoto. Kisanduku chake cha mti mgumu, mara nyingi chenye pembe sita, huwambwa ngozi ya chatu upande wa mbele, na nyuzi hukazwa kwa sauti za re na la. Singa za uta zimepita katikati ya nyuzi hizo na hazitoki humo: mpigaji akiusukuma uta mbele hupata uzi wa nje, akiuvuta kwake hupata wa ndani.

Shingo ya erhu haina ubao wa kukandamizia. Vidole huuminya uzi hewani, na kwa sababu hiyo sauti huteleza, hutetemeka na kulia kama ya mwimbaji. Hapo ndipo ulipo utamu wake wote.

Ukoo wa mazeze haya, huqin, una asili kwa watu wa kaskazini mwa China. Katika enzi ya Song (960–1279), mwanazuoni Shen Kuo alikwishataja huqin ya mkia wa farasi. Kwa karne nyingi kazi ya erhu ilikuwa kusindikiza: opera, vikundi vya muziki uitwao “hariri na mianzi” vya eneo la Jiangnan, na waombaji wa njiani. Liu Tianhua (1895–1932), mwalimu wa Chuo Kikuu cha Peking aliyejifunza pia fidla, ndiye aliyeitungia vipande 10 vya kupigwa peke yake na kuiingiza darasani.

Lakini kipande kinachopendwa kuliko vyote, Erquan Yingyue, kilitoka barabarani. Mtunzi wake ni Hua Yanjun, maarufu kwa jina la Abing, kipofu aliyepiga muziki mitaani Wuxi kujipatia riziki. Mwaka 1950 wanamuziki Yang Yinliu na Cao Anhe walimfuata na mashine ya kurekodi kwa waya, wakanasa vipande sita tu: vitatu vya erhu, vitatu vya pipa, gambusi la Kichina. Desemba mwaka huohuo Abing alifariki. Wangechelewa miezi michache tu, hata vipande hivyo sita vingepotea.

Siku hizi nyuzi za hariri zimeachia chuma nafasi, na katika okestra za Kichina erhu hushika nafasi ya fidla. Ngozi ya chatu inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo Okestra ya Kichina ya Hong Kong imeunda erhu zenye utando wa plastiki, nazo ndizo inazopiga jukwaani.