Miami Dolphins na Msimu wa 1972

Katika historia ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ni timu moja tu iliyoanza msimu kwa ushindi ikafika hadi kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, bila kupoteza mechi wala kutoka sare. Timu hiyo ni Miami Dolphins ya mwaka 1972. Ilicheza mechi 14 za ligi, mbili za mtoano na fainali, ikashinda zote 17.

Klabu yenyewe ilikuwa bado changa. Ilianza kucheza mwaka 1966, na miaka yake minne ya mwanzo ilikuwa ya vipigo; mwaka 1969 ilishinda mechi 3 tu kati ya 14. Mwaka uliofuata mmiliki wake, Joe Robbie, alimchukua kocha Don Shula kutoka Baltimore Colts. Ligi iliona kuwa Shula alifuatwa kinyume cha kanuni, ikaiadhibu Miami kwa kuinyang'anya nafasi yake ya kwanza katika kuchagua wachezaji chipukizi wa 1971. Adhabu hiyo ilikuwa bei ndogo kwa kocha wa kiwango hicho. Shula aliwafanyisha wachezaji mazoezi mara nne kwa siku, na msimu wake wa kwanza ukaleta ushindi 10. Wa pili uliwafikisha Super Bowl, ambako Dallas Cowboys waliwafunga 24-3 tarehe 16 Januari 1972. Shula mwenyewe alikuwa tayari amepoteza fainali kama hiyo akiwa na Baltimore, dhidi ya New York Jets, mechi ambayo karibu kila mtu aliamini angeishinda. Msimu wa 1972 ulianza huku akijulikana kama kocha hodari asiyeweza kushinda fainali.

Silaha kuu ya Miami ilikuwa mbio. Katika mchezo huu timu hupewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10, na ikifaulu hupewa mengine manne. Timu nyingi hutegemea zaidi pasi. Miami ilipendelea kumkabidhi mpira mkimbiaji na kumfungulia njia. Larry Csonka alipita katikati kwa nguvu, Mercury Morris alizunguka pembeni kwa kasi, na Jim Kiick aliingia pale yadi moja au mbili zilipohitajika. Waliotangulia mbele kuwasukuma wapinzani, akina Larry Little, Bob Kuechenberg na Jim Langer, ndio waliostahili nusu ya sifa hizo. Csonka alimaliza ratiba ya ligi na yadi 1,117. Morris alionekana kuishia 991, lakini ligi ilipoitazama upya filamu ya mechi moja ilikuta amekatwa yadi 9 kimakosa, ikamrudishia. Akafikisha 1,000 kamili, na Miami ikawa timu ya kwanza ya NFL kuwa na wakimbiaji wawili waliofikia idadi hiyo katika msimu mmoja.

Ulinzi wake uliitwa ngome isiyo na majina. Jina hilo lilitokana na maneno ya Tom Landry, kocha wa Dallas, aliyesema kabla ya fainali iliyotangulia kwamba hakukumbuka majina ya mabeki wa Miami. Chini ya kocha wa ulinzi Bill Arnsparger, watu hao waliruhusu alama 171 tu katika mechi 14, idadi ndogo kuliko timu nyingine yoyote msimu huo.

Mtihani mkubwa ulikuja katika mechi ya tano, tarehe 15 Oktoba, dhidi ya San Diego. Bob Griese, mrushaji wa pasi na kiongozi wa mashambulizi, aliangukiwa na mabeki wawili, akavunjika mguu na kuteguka kifundo. Nafasi yake ilichukuliwa na Earl Morrall, mzee wa miaka 38, ambaye Miami ilikuwa imemsajili kwa dola 100 baada ya Baltimore kumwacha. Morrall hakuwa na kasi tena, ila aliijua mbinu ya Shula tangu Baltimore. Miami ilishinda mechi zote tisa zilizobaki za ligi ikiwa mikononi mwake. Bila yeye msimu huu usingekuwa na la kusimuliwa.

Wapo wanaosema ratiba ilikuwa nyepesi, na hoja yao ina uzito: kati ya timu ilizokutana nazo katika ligi, ni Kansas City na New York Giants tu zilizomaliza msimu zikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Mtoano haukuwa mwepesi. Cleveland Browns walikuwa wakiongoza katika robo ya mwisho kabla ya Miami kushinda 20-14. Kisha, kwa utaratibu wa zamu wa wakati ule, Miami isiyofungwa ililazimika kusafiri hadi Pittsburgh kucheza nusu fainali tarehe 31 Desemba. Steelers waliongoza 7-0. Larry Seiple, ambaye kazi yake ilikuwa kuupiga mpira mbali majaribio yanapokwama, aliona wapinzani wamempa mgongo wakikimbilia nyuma. Hakuupiga. Alikimbia nao yadi 37, na muda mfupi baadaye Morrall akampa Csonka pasi ya kusawazisha. Griese, aliyekuwa amepona, aliingia kipindi cha pili, na mechi ikaisha 21-17.

Fainali ilichezwa Los Angeles tarehe 14 Januari 1973 dhidi ya Washington, mbele ya watazamaji 90,182. Pasi ya Griese kwa Howard Twilley na mbio fupi ya Kiick ziliipa Miami uongozi wa 14-0 kufikia mapumziko. Beki Jake Scott alinasa pasi mbili za wapinzani, moja ikiwa ndani ya eneo la kufungia la Miami, akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Zikiwa zimebaki dakika chache, Garo Yepremian, mpigaji mzaliwa wa Cyprus, alijaribu kuongeza alama tatu kwa mguu. Mpira ulizuiwa, ukamrudia, naye badala ya kuulalia akajaribu kuurusha. Ulimponyoka, akaupiga tena kwa mikono hewani, na Mike Bass wa Washington akaudaka na kukimbia nao hadi kufunga. Ngome isiyo na majina ililinda zile dakika mbili zilizosalia, na matokeo yakabaki 14-7.

Mwaka uliofuata Miami ilitwaa tena taji, ingawa mfululizo wake wa ushindi ulikatwa na Oakland katika mechi ya pili ya msimu. Mwaka 1975 Csonka, Kiick na mpokeaji wa pasi Paul Warfield walihamia ligi pinzani kwa malipo makubwa zaidi. Baadhi ya wachezaji walilipa gharama nzito kwa miili yao: uchunguzi uliofanywa baada ya vifo vya Morrall na Kiick ulikuta bongo zao zimeharibiwa na ugonjwa unaotokana na kugongwa kichwa mara kwa mara. Waliokuwa hai mwaka 2013 walialikwa Ikulu ya Marekani na Rais Barack Obama, miaka 40 baada ya fainali yao.

New England Patriots walikaribia kuwafikia katika msimu wa 2007. Walishinda mechi 18 mfululizo, kisha wakafungwa 17-14 na New York Giants katika fainali. Sasa ratiba ya ligi ina mechi 17, hivyo timu itakayotaka kurudia kazi ya Miami italazimika kushinda mechi zisizopungua 20.