Gari la Deraya Katika Njia ya Mazinde

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Same, akiisha kuipita Mombo na kuiacha mkono wa kulia njia ipandayo Lushoto, huingia katika ukanda mwembamba wa nchi tambarare, ambao upande mmoja umezibwa na milima ya Usambara, na upande wa pili umezibwa na nyika ya miiba ishukayo kidogo kidogo hata ufuoni mwa mto Pangani. Hapo ndipo Mazinde. Aghalabu ya waliotaka kutoka pwani ya Tanga kwenda Kilimanjaro, wakiwa wafanyabiashara wa pembe, au wamisionari, au maamiri wa majeshi, hawakuwa na budi kupita hapo au karibu na hapo. Na Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai mfalme wa Washambaa, aliifahamu faida hiyo mapema, ndiyo maana alishuka milimani akaweka makao yake Mazinde, kando ya njia ya misafara, ambako bunduki na baruti za pwani zilimfikia bila ya kupitia mkononi mwa jamaa zake waliokuwa Vuga, makao ya ufalme. Kwa hiyo tarikhi ya silaha ngeni katika bonde hili ilianza kabla ya Wajerumani, na tangu awali ilikuwa tarikhi ya njia.

Nataka kuzungumza habari za gari la deraya katika njia hiyo, na sababu iliyonitia katika mazungumzo haya ni mchezo. Mwaka 1984 kampuni moja ya Marekani iitwayo Game Designers' Workshop ilitoa mchezo wa mezani kwa jina la Twilight: 2000, uliobuniwa na Frank Chadwick, ambamo watu wachache huketi pamoja na karatasi, kalamu na dadu, kila mmoja akijivika nafsi ya askari, na msimamizi wao akiwasimulia nchi wanayoipita na watu wanaokutana nao. Hikaya yake ni ya vita kuu ya tatu ambayo, alhamdulillahi, haikutokea: kikosi cha Wamarekani kimevunjika karibu na mji wa Kalisz nchini Poland mnamo Julai 2000, hakuna tena amri wala posho, na kila kundi linajitafutia njia ya kurejea kwao. Wapenzi wa mchezo huo, tangu siku hizo hata leo, wana shughuli moja inayowapendeza kupita kiasi, nayo ni kulichukua gari la kivita la kweli, hususan yale ya magurudumu yachukuayo askari, na kuligeuza kuwa kadi ya tarakimu itakayokubaliwa mezani.

Asiyeujua mchezo atadhani kwamba kadi hiyo husema habari za unene wa chuma na ukubwa wa bunduki basi. La. Siku imegawanywa katika vipindi sita vya saa nne nne, na kadi hueleza gari linakwenda mwendo gani kwa kipindi kimoja likiwa barabarani, na mwendo gani likiwa nje ya barabara. Linakunywa mafuta lita ngapi. Linataka saa ngapi za fundi kwa juma. Na limechakaa kwa kadiri gani. Mafuta ya kawaida yamekwisha duniani, basi wachezaji hukaa siku nzima kando ya mtambo wakipika pombe ya kuendeshea injini. Mtu aweza kucheza usiku kucha asipige risasi hata moja. Wako walioudhika na jambo hilo wakasema mchezo umekuwa wa makarani. Mimi naona kwamba Chadwick na wenzake, pengine bila ya kukusudia, waliandika habari ambayo mzee yeyote wa bonde la Pangani wa mwaka 1916 angeitambua mara moja.

Maana katika mwaka huo, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, gari la deraya lilikuja huku. Jenerali Jan Smuts alipokabidhiwa uongozi wa majeshi ya Uingereza katika Afrika Mashariki, mwezi Februari 1916, alikuwa na magari ya Rolls-Royce yaliyovikwa mabamba ya chuma, na lililo la ajabu ni kwamba asili ya magari hayo ni jeshi la maji. Mwaka 1914 warushaji wa ndege wa jeshi la maji la Kiingereza, waliokuwa Ufaransa na Ubelgiji, waliyabandika magari yao chuma ili wawaokote wenzao walioanguka; jambo likapendeza, na Wizara ya Majini ikaagiza yatengenezwe rasmi juu ya mhimili wa gari lile lile la fahari lililokuwa likiwachukua matajiri wa London. Lilikuwa na uzito wa yapata tani 4, bamba lisilofika nusu inchi kwa unene, na kibanda cha duara kizungukacho juu yake chenye bunduki ya rashasha ya Vickers. Na katika barabara njema liliweza kupita kilomita 60 kwa saa. Luteni-Kamanda Whittall, mmoja wa mabaharia hao wa nchi kavu, alitoka nayo katika vita vya Kusini-Magharibi ya Afrika akaja nayo upande wetu, na kitabu chake juu ya safari hizo kilichapwa mwaka 1917.

Mwezi Machi wa mwaka ule ule wa 1916, Duke wa Westminster aliyakimbiza magari ya namna hiyo hiyo katika jangwa la Libya hata Bir Hakkim, akawaokoa mabaharia waliokuwa mateka huko, na magazeti ya Ulaya yakamsifu sana. Gari lilikuwa moja. Nchi ndiyo iliyokuwa mbili. Jangwa lile ni changarawe iliyonyooka, ambapo dereva huchagua mwenyewe njia. Nyika ya Pangani ni vumbi la kuzamia magurudumu katika kiangazi, utelezi katika masika, na baina ya majira hayo mawili ni visiki vya migunga ambavyo hupasua mipira ya gari bila ya kuuliza ni gari la nani.

Smuts alingoja mvua za masika ziishe, akaanza kushuka bondeni katika siku za mwisho za Mei, safu moja ikifuata mto na nyingine ikifuata reli. Reli ile, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, sasa ilikuwa ikibomolewa na Wajerumani wenyewe nyuma yao walipokuwa wakirudi. Katika siku kumi jeshi lilikwenda maili 130, hata Buiko, na ripoti zote za wakati ule hujivunia mwendo huo. Lakini katika kurasa zizo hizo imeandikwa kwamba posho ilikatwa nusu, kwa sababu chakula kilikuwa nyuma, na askari walilazimika kusimama Buiko kukingoja. Daktari Francis Brett Young, aliyekwenda kwa miguu pamoja na safu hiyo na baadaye akaandika kitabu cha safari ile, alijionea jinsi homa na kuhara damu vilivyofanya kazi ambayo bunduki za Meja Kraut, amiri wa Wajerumani, hazikuifanya. Ng'ombe, nyumbu na farasi walikufa kwa mbung'o. Mazinde ikapitwa, Mombo ikashikwa tarehe 9 Juni, Korogwe tarehe 15, na Handeni siku chache baadaye.

Hapa Mombo kuna jambo ambalo siwezi kulipita haraka. Wajerumani, walipojua kwamba reli ya Usambara itawaponyoka, walitandika njia ndogo ya toroli kutoka Mombo, kuvuka mto Pangani, hata Handeni, kwa vyuma vya reli ndogo vilivyotolewa katika mashamba, na watu wakazisukuma toroli hizo kwa mikono, zikiwa na risasi na chakula, zipate kuifikia nchi ya reli ya kati. Jeshi lisilokuwa na gari hata moja la deraya liliokoa akiba yake kwa magurudumu madogo yaliyosukumwa na vifua vya watu, nalo jeshi lenye magari ya fahari likaja nyuma, likichimbiwa mabomu njiani na likikata miti ili tani zile 4 zipate mahali pa kukanyaga. Na aliyekata miti, na aliyebeba madebe ya petroli pale ambapo lori lilikwama, alikuwa mpagazi. Katika vita vile vyote Waingereza waliandika wapagazi waliozidi milioni moja, na waliokufa, kwa hesabu ya serikali ambayo wengi huiona ni pungufu, walikuwa kama 95,000. Kadi ya gari isiyo na mstari wa mpagazi, kwa nchi hii, ni kadi ya uongo.

Kusini ya Handeni, kwenye mto Lukigura, tarehe 24 Juni, Wajerumani walisimama kupigana. Safu moja ya Waingereza ilikwenda mbele yao kwa njia, na nyingine, chini ya Jenerali Hoskins, ilizunguka porini usiku kwa miguu, kisha askari wa Kashmir na wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers wakawaingilia ubavuni kwa singe. Ushindi ulikuwa wa waliotembea.

Ningekuwa mimi ndiye mwenye kuiandika kadi ya Rolls-Royce ya 1914 kwa ajili ya wachezaji watakaotaka kuuhamisha mchezo wao kutoka Kalisz uje Mazinde, nisingejisumbua sana na deraya: risasi ya bunduki haipenyi, mzinga unapenya, yatosha. Ningekaa juu ya mambo mengine. Mwendo barabarani mkubwa. Mwendo nyikani karibu na sifuri, isipokuwa wachezaji wamelipa siku nzima ya watu wenye mashoka na majembe. Maji ya rejeta yahesabiwe mbali na maji ya kunywa, kwa kuwa kiangazi, ukiuacha mto, utachagua moja. Petroli ihesabiwe kwa madebe na madebe kwa mabega, na kila bega lihesabiwe posho yake, ambayo nayo huchukuliwa na bega jingine. Mchezaji mwenye pupa ataona dadu zimemnyima vita alivyovitaka, akiwa amekaa Buiko akingoja unga.

Miaka 63 baadaye yale yale yalitokea mbali na Mazinde, katika vita vya Kagera baina ya Tanzania na Uganda. Jeshi la Idi Amin lilikuwa na magari ya OT-64, ya magurudumu manane, yaliyobuniwa kwa ushirika wa Chekoslovakia na Poland, yenye injini ya Tatra ipoayo kwa upepo na uwezo wa kuogelea majini. Ni gari la uwanda wa Ulaya hasa, na katika nchi ya Kalisz lingekuwa nyumbani kwao. Askari wa Amin walizoea kwenda nayo barabarani na kukaa barabarani. Mwezi Machi 1979 huko Lukaya, ambako barabara ya Kampala inakatiza kinamasi, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walileta vifaru 15 vya T-55 pamoja na magari ya deraya na roketi, wakakirudisha nyuma kikosi cha Tanzania kilichokuwa mbele yao. Brigedi ya 208, iliyokuwa kilomita 60 upande wa kaskazini-magharibi, iliamriwa kuzunguka, nayo ikafika ubavuni mwao alfajiri ya tarehe 11 Machi, wakati chuma chote kile kilikuwa kimepangana juu ya njia moja, kinamasi kikiwa pembeni.

Wapenzi wa Twilight: 2000, ambao tangu mwaka 2021 wana toleo jipya la mchezo wao kutoka kampuni ya Sweden iitwayo Free League, wanaweza kuichukua OT-64 kutoka Poland hata Uganda bila ya kubadili unene wa chuma chake, wala bunduki yake, wala idadi ya askari iliyo nayo tumboni. Mstari wa kufutwa na kuandikwa upya ni ule wa mwendo nje ya barabara.