Nani Angemshinda Nani?

Palipo na vijana wawili wapendao mchezo wa ngumi hapakosi ubishi. Mmoja atamsifu Muhammad Ali, wa pili atamtaja Joe Louis au Mike Tyson, na kabla ya kengele kulia watakuwa wamekwisha kuwapambanisha watu ambao hawakupata kuonana ulingoni hata siku moja. Usiudharau ubishi huo, msomaji wangu. Umepata kumtoa mtu shambani kwake alikokwisha kustaafu, na umepata kumwaga damu.

Mtu huyo aliitwa James J. Jeffries, Mmarekani mweupe, bingwa wa dunia wa uzani wa juu tangu mwaka wa 1899 hata 1905, alipouacha mchezo bila kushindwa. Zamani za utawala wake alikataa kuutia ubingwa hatarini mbele ya mtu mweusi. Tarehe 26 Desemba 1908, mjini Sydney, Jack Johnson, ambaye wazazi wake walizaliwa utumwani, alimshinda Tommy Burns akawa mtu mweusi wa kwanza kuushika ubingwa huo. Hapo ndipo wazungu wengi wa Marekani walipoanza kusema kwamba bingwa wa kweli ni yule wa jana, wakamsihi arudi. Hawakuwa wamezipima ngumi za Jeffries na za Johnson wakaona tofauti. Walichokipima ni rangi.

Jeffries akarudi, baada ya kupunguza makumi ya kilo za unene. Tarehe 4 Julai 1910, huko Reno katika jimbo la Nevada, watu wapatao 20,000 walikusanyika juani kutazama pambano lililopangiwa raundi 45. Johnson alimchezea kama paka amchezeavyo panya, huku akisema naye na kucheka. Katika raundi ya 15 Jeffries, ambaye hakupata kuangushwa tangu aanze kupigana, aliangushwa tena na tena mpaka watu wake wakalikomesha pambano. Usiku ule, katika miji mingi ya Marekani, wazungu waliwashambulia watu weusi waliokuwa wakishangilia, na watu wakauawa.

Jeffries mwenyewe alikuwa mwungwana kuliko waliomtuma. Inasimuliwa kwamba baadaye alikiri kuwa hata katika siku za nguvu zake asingalimweza Johnson. Hatulazimiki kumwamini, maana mtu aliyetoka kupigwa si hakimu mwema wa ngumi zilizompiga. Jeffries wa mwaka wa 1903 hakuwako Reno. Aliyekuwako ni mtu wa miaka 35 aliyekaa karibu miaka sita bila kupigana. Vivyo hivyo Rocky Marciano alimshinda Joe Louis katika raundi ya 8, tarehe 26 Oktoba 1951. Lakini Louis yule alikuwa na miaka 37, tena deni la kodi ndilo lililomrudisha ulingoni. Hakuwa Louis wa mwaka wa 1938, aliyemmaliza Max Schmeling katika raundi ya kwanza.

Ama kuhusu uzani, tazama mapambano mawili. Mwaka wa 1909 Stanley Ketchel, bingwa wa uzani wa kati, alithubutu kumkabili Johnson huyo huyo, aliyemzidi kwa zaidi ya kilo 13. Katika raundi ya 12 mdogo akamwangusha mkubwa. Johnson akainuka, akampiga, na Ketchel akalala pale pale hata hesabu ikatimia. Miaka kumi baadaye Jack Dempsey, mwenye kilo 85, alipambana na Jess Willard, pandikizi la mtu la kilo 111 na urefu wa futi 6 na inchi 6. Tofauti ya kilo ilikuwa kubwa zaidi, lakini safari hii mkubwa ndiye aliyeangushwa, mara saba katika raundi ya kwanza peke yake. Sababu ni kwamba Willard alikuwa na miaka 37, na tangu mwaka wa 1916 hakupata kuutetea ubingwa wake, na Dempsey alikuwa kijana mwenye njaa.

Lakini jambo linalosahauliwa zaidi na wabishi ni sheria za mchezo, na hapa nakuomba uende nami polepole. Tarehe 18 Juni 1941 Billy Conn, aliyeuacha ubingwa wa uzani wa chini yake ili amfuate Joe Louis, alimsumbua Louis kwa wepesi wake usiku kucha. Baada ya raundi 12, waamuzi wawili kati ya watatu walimwona Conn yuko mbele. Katika raundi ya 13 akataka kumwangusha Louis. Louis akamwangusha yeye. Tarehe 25 Juni 1952 Sugar Ray Robinson, bingwa wa uzani wa kati, alipambana na Joey Maxim aliyemzidi kwa kilo 7 hivi. Joto la New York lilizidi nyuzi 38, hata mwamuzi wa ulingoni akalemewa ikabidi mwingine ashike nafasi yake. Robinson aliongoza kwa pointi kwa waamuzi wote, kisha baada ya raundi ya 13 akashindwa kuinuka kitini pake. Sasa kumbuka kwamba mapambano hayo yalipangiwa raundi 15. Baada ya Duk Koo Kim wa Korea Kusini kufariki kwa majeraha ya pambano la mwaka wa 1982, raundi za ubingwa zilipunguzwa zikawa 12. Kwa kengele ya leo, basi, Conn angekuwa bingwa wa uzani wa juu, na Robinson angekuwa bingwa wa uzani wa tatu. Na wewe unapompambanisha bondia wa leo na Johnson, umempa raundi ngapi, 12 au 45?

Katika Michezo ya Olimpiki lilikuwako kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa likipewa bondia mwenye ufundi kuwapita wote, bila kutazama uzani wake. Mwaka wa 1968 huko Mexico lilipewa Philip Waruinge wa Kenya, wa uzani wa unyoya, ingawa medali yake ilikuwa ya shaba. Waliompa hawakusema kwamba angemwangusha George Foreman, aliyechukua dhahabu ya uzani wa juu siku zile zile. Walipima ufundi, na ufundi waliuona kwa macho yao.

Wako pia waliotaka mashine iamue. Mwaka wa 1967, Mmarekani Murray Woroner alitia habari za mabingwa katika kompyuta, akatangaza matokeo redioni kana kwamba ni mapambano ya kweli. Kompyuta ikasema kwamba Ali ameshindwa na nani? Na Jeffries! Wakati huo Ali alikuwa amenyang'anywa ubingwa kwa kukataa kwenda vita vya Vietnam, wala hakuruhusiwa kupigana. Akamshtaki Woroner; wakapatana, na Ali akakubali kuigiza filamu pamoja na Marciano, bingwa aliyestaafu mwaka wa 1956 bila kushindwa. Mwaka wa 1969 walijifungia studioni huko Miami wakaigiza raundi nyingi za dakika moja moja pamoja na miisho kadhaa, pasipo kuambiwa upi utatumika. Tarehe 20 Januari 1970 Wamarekani walimwona Marciano akishinda katika raundi ya 13. Huko Ulaya watazamaji walionyeshwa mwisho mwingine, ambao Ali ndiye mshindi.

Marciano hakuuona hata mmoja. Alikufa katika ajali ya ndege tarehe 31 Agosti 1969, majuma machache baada ya kuigiza. Ali alipata ruhusa ya kupigana, na tarehe 26 Oktoba 1970, mjini Atlanta, akamshinda Jerry Quarry katika raundi ya 3, mbele ya watu waliolipa kutazama ngumi za kweli.