Ndugu Waliolea Ndugu

Msomaji, yamkini wewe ni kifungua mimba, au kitinda mimba, au u mmoja wa wale wa katikati. Lugha yetu imewapa majina hao wa mwanzo na wa mwisho, kwa maana katika nyumba za zamani kila mtoto alikuwa na nafasi yake na kazi yake. Hebu basi tutazame jinsi ndugu walivyoleana katika nchi ya Kenya, furaha waliyoipata, na gharama ya furaha hiyo.

Kwanza, yafaa tujue kwa nini wazee wetu walitamani watoto wengi. Shamba lilitaka walimaji, mifugo ilitaka wachungaji, na watoto wengi walikufa wangali wachanga. Lakini ilikuwako sababu nyingine. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili jina la nyanya mzaa mama. Hesabu mwenyewe. Nyumba isiyo na wana wawili na mabinti wawili haikuwa imemaliza kuwaita wazee wake. Kwa hiyo kila mtoto aliyezaliwa alipokewa kama mtu aliyerejea kutoka safarini.

Pili, tuangalie malezi. Mama alipokwenda kulima, mtoto mchanga alibaki na ndugu yake. Wagusii humwita mlezi huyo *omoreri*, naye aliweza kuwa mtoto wa miaka sita hadi kumi tu. Alimbeba mdogo wake mgongoni, akambembeleza alipolia, akamchezesha kivulini. Mara nyingi yeye ndiye aliyeona jino la kwanza likichomoza na hatua ya kwanza ikipigwa, kabla mama hajarudi. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Kimarekani, Robert LeVine na Barbara LeVine, walikaa Gusii katika mtaa waliouita Nyansongo. Habari walizokusanya zililinganishwa na za jamii nyingine tano za dunia, mojawapo ikiwa ya Marekani kwenyewe. Watoto wa Nyansongo walionekana kuwa miongoni mwa waliozidi kwa kusaidia wenzao na kushika wajibu. Wala si ajabu: aliyekwisha kubeba mtoto mgongoni amejifunza kufikiri juu ya tumbo lisilo lake.

Sasa tazama mfano mmoja. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, akiwa wa tatu kati ya watoto sita, na binti wa kwanza. Siku zile mabinti wengi hawakupelekwa shuleni. Wangari naye alikuwa akimsaidia mama yake kazi za nyumbani, mpaka siku moja kaka yake mkubwa, Nderitu, alipomwuliza mama kwa nini Wangari hasomi kama wao. Mama alitafakari, kisha akakubali. Binti huyo alipata shahada ya udaktari mwaka 1971, akaanzisha kazi ya kupanda miti mwaka 1977, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mlango wa yote hayo ulifunguliwa kwa swali la mtoto mmoja aliyemjali ndugu yake.

Lakini tusiipambe historia kupita kiasi. Si kila Wangari alikuwa na Nderitu wake. Karo ilipokuwa haba, aliyebakizwa nyumbani mara nyingi alikuwa dada mkubwa. Mgongo wake ulibeba wadogo ambao baadaye walisoma vitabu asivyoweza kuvisoma yeye. Ada ya madarasa manne ya kwanza iliondolewa mwaka 1974, na elimu ya msingi bila malipo ikarudishwa mwaka 2003. Familia nazo zilipungua: uchunguzi wa mwaka 1977 na 1978 ulionyesha kuwa mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto wanane hivi maishani mwake, ule wa mwaka 2022 ulionyesha watatu na kitu. Kwa hiyo binti wengi zaidi wamepata kukaa darasani, na hilo ni jambo la kushukuru.

Basi, msomaji, hatuna haja ya kutamani nyumba ya watoto wanane ili tupate tunu yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini viwili vyatosha. Ikiwa unaye mdogo wako, msomee, mfundishe, mngoje njiani. Ikiwa huna, yuko wa shangazi au wa jirani. Na ikiwa wewe unasoma kwa sababu dada au kaka alibaki nyumbani, mwendee umwulize ni nini alichotaka kujifunza. Huenda bado anataka.