Walitolewa kwa Tafsiri, Wakarudishwa kwa Waraka

Kila mwaka ninapofika kwenye mada ya sheria na elimu, huwapa wanafunzi wangu zoezi dogo. Nawagawia nakala ya Kanuni za Elimu za mwaka 2002 zinazohusu kufukuzwa kwa wanafunzi shuleni, kisha nawaomba wanionyeshe, katika kanuni ya nne inayoorodhesha sababu za kumfukuza mwanafunzi, mahali palipotajwa mimba. Husoma, wakarudia kusoma, kisha wakanitazama. Mimba haikutajwa.

Zilizotajwa ni utovu wa nidhamu wa makusudi na wa kurudiarudia, makosa ya jinai kama vile wizi na matumizi ya dawa za kulevya, kosa dhidi ya maadili, na kufunga ndoa. Maneno hayo manne, “kosa dhidi ya maadili”, ndiyo yaliyobeba mzigo wote. Mimba ilitafsiriwa kuwa ushahidi wa kosa hilo, na msichana akaondoka na begi lake. Wala hakuhitaji kufikishwa mahakamani, kwa kuwa kanuni ilisema wazi kwamba mwanafunzi aweza kufukuzwa awe ameshtakiwa au hakushtakiwa.

Ili tuone uzito wa jambo hili, ndugu msomaji, yatupasa turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa mwaka 1990, mwanafunzi mmoja wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijitoa uhai baada ya kuandamwa na kudhalilishwa kijinsia na kundi la wanafunzi wenzake lililojulikana kwa jina la “Punch”. Kundi hilo lilikuwa likibandika ukutani maandishi na michoro ya kuwaaibisha watu, na kwa miaka mingi wengi walilichukulia kuwa utani wa chuo. Kifo kile kiliumbua utani huo. Wanawake wanahabari, wanasheria na wanataaluma walipaza sauti wakidai kwamba udhalilishaji si mila ya wasomi bali ni dhuluma, na dhuluma yapaswa kuwa na jina katika vitabu vya sheria.

Jina hilo lilipatikana mwaka 1998, Bunge lilipotunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Unyanyasaji wa kijinsia, hata wa maneno, ukawa kosa la jinai. Kubaka kukawekewa adhabu isiyopungua kifungo cha miaka 30. Zaidi ya hayo, sheria ilitamka kwamba msichana aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kuridhia tendo la ndoa. Ilibakiza upenyo mmoja wa aibu: mke aliyefikisha miaka 15.

Sasa ziweke sheria hizi mbili mezani, moja kando ya nyingine. Mwaka 1998 Bunge linasema msichana wa miaka 16 aliyepewa mimba ni mtendewa. Mwaka 2002, miaka minne tu baadaye, Waziri anatia saini kanuni ambazo kwa tafsiri ya mkuu wa shule zinamfanya msichana yuleyule kuwa mtenda. Mwanamume ana mahakama, ana wakili, ana haki ya kudhaniwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Msichana ana barua ya kurasa moja. Na haya yalitukia ilhali neno jinsia lilikwisha kuingizwa mwaka 2000 katika ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza ubaguzi.

Wapo watakaosema kwamba dola ilikuwa kali kwa wanaume pia. Ni kweli. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba akawekewa kifungo cha miaka 30. Lakini mwaka uliofuata, mwezi Juni, Rais Magufuli alitangaza mkoani Pwani kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi aliyepata mimba atakayerudi shuleni, wakati Zanzibar ilikuwa imekwisha kuwaruhusu wasichana kama hao kuendelea na masomo. Ukali wa adhabu kwa mmoja haukuwa kinga kwa mwingine. Kumfunga mkosaji hakumrudishi mtoto darasani.

Majirani zetu wametupa somo lenye manufaa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua shauri la wasichana wawili waliofanyiwa ukatili wa kingono na naibu mwalimu mkuu wa shule yao. Mahakama haikuishia kwa mwalimu. Iliwawajibisha pia Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyokuwa mwajiri wake, pamoja na Serikali, na kuamuru wasichana hao walipwe fidia ya jumla ya shilingi milioni 5 za Kenya. Jaji alikemea desturi ya kumhamisha mwalimu mtuhumiwa kutoka shule moja hadi nyingine. Hapo ulinzi ulipata maana nyingine: taasisi iliyokabidhiwa mtoto ndiyo inayoulizwa.

Kwetu, tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu alitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwemo, wataruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi, na waraka ukatolewa. Niliifurahia siku ile na bado naifurahia. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ikaamua kwamba kuwapima wasichana mimba kwa lazima na kuwafukuza kulivunja haki zao.

Hata hivyo, mwanafunzi wa sheria ajua ngazi zake: waraka hauna nguvu ya kufuta kanuni, na kanuni haipiti sheria ya Bunge. Wasichana wetu walitolewa kwa tafsiri, wakarudishwa kwa waraka. Katika safari zote mbili, ya kutoka na ya kurudi, Bunge halikutamka lolote. Kilichoandikwa na waziri mmoja chaweza kuandikwa upya na waziri mwingine.

Kwa hiyo nawageukia ninyi mlio katika ofisi za umma, ambao kalamu zenu huandaa rasimu kabla hazijafika kwa wakubwa. Haki ya msichana kubaki shuleni iandikwe ndani ya Sheria ya Elimu, kwa maneno yasiyohitaji mfasiri. Nami nitaendelea kuwagawia wanafunzi wangu kanuni ile ya nne, mpaka siku nitakapolazimika kuwaeleza kwamba ni nyaraka ya kihistoria.