Nyonga ya Mtoto na Leso ya Mamake

Mama wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, anapombeba mwanawe mgongoni, hufanya kazi ambayo Ulaya iliitafutia kifaa. Mapaja ya mtoto hupanuka, magoti hupanda, na leso hupita chini ya makalio na kufungwa kifuani mwa mama. Kwa mkao huo, kichwa cha mfupa wa paja hutulia ndani ya kikombe cha nyonga, ambacho kwa mtoto mchanga sehemu yake kubwa bado ni gegedu laini.

Kikombe kisipokuwa na kina, nyonga huweza kuteguka bila maumivu. Wengi hushtuka mtoto anapoanza kutembea akichechemea. Mwaka 1937 Marino Ortolani, daktari wa watoto nchini Italia, alieleza jinsi ya kuipima kwa mikono: mapaja yakipanuliwa polepole, nyonga iliyoteguka hurudi mahali pake kwa mshtuko mdogo unaohisiwa vidoleni. Tiba ya enzi hizo ilikuwa plasta ngumu, na kwa baadhi ya watoto mfupa ulikosa damu ukafa. Ndipo Arnold Pavlik, Mcheki, alipobuni mikanda miaka ya 1940: mapaja yamekunjwa na kupanuliwa, lakini mtoto anarusha miguu. Tazama vizuri, ni mkao wa leso.

Japani, walikozoea kuviringisha watoto miguu ikiwa imenyooka, ilianza kampeni mwaka 1975 ya kuiacha desturi hiyo, na visa vikapungua sana. Malawi, hospitali ya Beit CURE ya Blantyre ilihudumia watoto zaidi ya 40,000 kati ya 2002 na 2012 bila kupokea mtoto mchanga hata mmoja mwenye tatizo hili. Hilo halithibitishi kwamba kitambaa ndicho kinga. Urithi nao una mkono wake.

Tena leso haikingi kila tatizo la nyonga. Familia nyingi za Kaloleni asili yao ni Nyanza na Magharibi, ambako ugonjwa wa selimundu umeenea. Ugonjwa huo huweza kuziba mishipa inayolisha kichwa cha paja hadi mfupa unasagika, na kwa kuwa maumivu ya nyonga huweza kusikika gotini, kijana anayelalamikia goti huenda akapewa dawa za maumivu tu.

Tukirudi kwa nyonga inayoteguka, mzazi ambaye mtoto wake alitanguliza makalio wakati wa kuzaliwa, au ambaye kwao kuna historia ya nyonga, amwombe muuguzi wa hospitali ya Pumwani au Mama Lucy ampime mapaja mapema. Mikanda ya Pavlik hufaa zaidi ikianza kabla ya miezi sita. Baada ya hapo huwa ni plasta, na akichelewa zaidi, upasuaji.