Gogo lililojificha ndani ya "log in"

Leo naweka programu kando kidogo nizungumzie maneno mawili tunayoyabofya kila asubuhi bila kuyafikiria: "log in".

Ukifungua kamusi ya Kiingereza, "log" ni gogo. Sasa gogo limeingiaje kwenye tarakilishi? Jibu liko baharini. Mabaharia wa Kiingereza wa karne ya 16 walipima mwendo wa merikebu kwa kutupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kamba. Baadaye kamba ikatiwa mafundo, na baharia akawa anayahesabu yakimpita mkononi huku chupa ya mchanga ikimwagika kwa karibu nusu dakika. Hesabu iliandikwa daftarini, na daftari likarithi jina la gogo. Mwishowe likazaliwa tendo: "log", kuandika daftarini.

Novemba 1961, pale MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mfumo uliowawezesha watu kadhaa kutumia tarakilishi moja kwa wakati mmoja. Muda wa mashine ulikuwa ghali, hivyo kila mtu alikuwa na mgao wake. Ulianza kwa amri LOGIN, yaani: niandike, nimeingia. Mwaka 1962 mwanafunzi Allan Scherr, aliyepewa saa 4 tu kwa wiki, alichapisha faili yenye nywila zote ili atumie muda wa wenzake!

Tena, tarehe 29 Oktoba 1969, Charley Kline wa UCLA alijaribu kutuma neno hilohilo hadi tarakilishi ya Stanford Research Institute. Herufi L na O zilifika, kisha mashine ya upande wa pili ikazima. Ujumbe wa kwanza wa ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, ukawa "LO".

Kwa nini nayasimulia haya? Zamani niliandika programu ya mauzo kwa kampuni moja. Kwenye kitufe niliandika "Ingia", na wafanyakazi wote nikawapa jina moja na nywila moja ili wasisumbuke. Siku moja rekodi za wiki nzima zikafutika. Aliyelaumiwa ni dada aliyekuwa zamu, naye akapoteza kazi. Sikuweza kumtetea wala kumshtaki, kwa sababu programu yangu haikuandika nani alifanya nini. Nilitengeneza mlango, nikasahau daftari.

Tafsiri yetu "ingia" imebeba nusu ya maana tu. Kumbe mabaharia wetu wa pwani wana neno lao: batli, daftari la safari ya chombo. Sisemi tubadilishe vitufe vyote. Lakini ndugu yangu unayeunda programu, kila unapoandika "Ingia", jiulize: batli iko wapi?

Nanyi mwaonaje?